Senti Hamsini za Baba

Siku niliyompigia baba simu kumwambia nimeinunua Land Rover namba 7, kwanza alinyamaza, nikadhani mtandao umekata, alafu akauliza, "Umepewa bure au umelipia?" Nikamwambia nimelipia, milioni moja na laki mbili. Akasema, "Basi aliyekuuzia leo atasali rakaa mbili za shukurani." Akakata simu.

Ili uelewe kwanini mzee alikua mkali hivyo inabidi nirudi nyuma kidogo. Baba alikua dereva kwenye shamba moja la mkonge huku kwetu Muheza, na kuanzia 1981 mpaka shamba lilipouza magari yake mabovu mwaka 2000 alikua anaendesha gari hiyo hiyo moja, Land Rover 109 pikapu, Series III ya mwaka 1978, imeandikwa 7 mlangoni kwa rangi nyeupe maana magari yote ya shamba yalikua na namba. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kama mita 2.77 hivi, na kila inchi baba anaijua kwa mgongo wake. Kila Jumapili alikua chini ya uvungu, unaona miguu tu, mpaka mama akaipa jina, akawa anaiita mke mwenzangu. "Nendeni mkamwite baba yenu kwa mke mwenzangu aje kula." Hivyo ndivyo tulivyokua tunatumwa.

Mimi kilichobaki kichwani ni kukaa nyuma kwenye bodi juu ya madumu na ndugu zangu, upepo usoni, na ile harufu ya maji ya korona, na nasema korona ile mashine ya kuchakatia majani ya mkonge siyo ile ya 2020 jamani. Kwa hiyo mimi nilikua nanunua utoto wangu, na baba alikua anaona mwanae kalipia maumivu ya mgongo kwa hela taslimu. Wote tulikua sahihi, nadhani.

Niliikuta Mikanjuni, nyuma ya nyumba moja, chini ya mwembe, kuku ameatamia kwenye kiti cha dereva. Baada ya shamba kuiuza ilipita kwa mfanyabiashara wa samaki aliyekua anatoa mzigo Pangani kuleta Tanga mjini, akaipaka bluu, ikabeba samaki na barafu mpaka ikachoka, ikaegeshwa. Mi nilienda pale kufata simu ya mteja imeingia maji (nina kibanda cha kutengeneza simu Ngamiani, barabara ya 13), mvua ikawa inanyesha, na bluu ya bei rahisi ikilowa inakua nyembamba, chini yake nikaona 7. Nikasimama kwenye mvua kama mjinga. Mwenye nyumba akaniuliza we kijana unalia? Nikamwambia hapana ni mvua.

Bodi ilikua safi kabisa, na hapo ndipo nilipoingizwa mjini. Land Rover zilivyoanza 1948 Uingereza walikua wametoka vitani, chuma kilikua cha mgao, wakaamua bodi waitengeneze kwa aluminiamu, na utaratibu huo ukabaki miaka na miaka. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo gari inaweza kukaa chini ya mwembe miaka kumi na mbili na bado ukiigonga mlango unasikia mlio mzuri. Ila chesisi ni chuma. Na chesisi ndiyo iko chini, huioni.

Fundi niliyempata yuko Mabawa, mtu mzima, zamani alikua kwenye karakana ya reli, wote tunamwita Mzee tu na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo. Siku gari imevutwa kuletwa kwake alipokea shikamoo yangu, akaizunguka mara moja, hakufungua bonati wala nini, akaenda kuchukua nyundo ndogo akalala chini akaanza kugonga chesisi taratibu kutoka mbele kurudi nyuma. Ti, ti, ti, ti. Alipofika usawa wa magurudumu ya nyuma mlio ukabadilika ukawa kama unagonga boksi, alafu nyundo ikazama. Ikaingia yote mpaka kwenye mpini. Mzee akaitoa, akatoa na konzi ya kutu kama unga wa kahawa, akainusa, wallahi akainusa, akasema, "Samaki hao."

Maji ya barafu yenye chumvi yalikua yanachuruzika kutoka kwenye bodi yanaingia kwenye matundu ya chesisi yanakaa humo humo, kwa hiyo ilioza kutoka ndani kuja nje, na rangi ya nje ikabaki pale pale kama kawaida. Nilikua nimepanga bajeti ya rangi na matairi. Kazi ikawa kunyanyua bodi yote ya nyuma, kukata chesisi, na kuchonga kipande kipya cha nyuma na ubavu mmoja kwa pleti ya milimita 3, ichomelewe, alafu ndani imwagiwe oili chafu ya injini ipake kila mahali. Miezi minne. Siyo kwamba kazi ni ya miezi minne, hela ndiyo ya miezi minne, nabadilisha kioo cha simu ya mtu hapa, jioni napeleka hela ya vijiti vya kuchomelea kule.

Na boliti! Springi nne zina boliti 12, zilizokubali kutoka kwa hiari yake ni 4. Nane zilikua zimeshikana na bushi zimekua kitu kimoja, tulipaka oili, tukachoma moto, tukapiga, tukasubiri usiku kucha, mwisho wa yote grenda. Boliti ya sita mi nilikaa chini nikasema Mzee tuachane nayo, nitaiuza kwa wa vyuma chakavu. Mzee akaniuliza umesoma Tanga hapa? Nikamwambia ndiyo. "Shule hawakuwafundisha mkonge umekujaje?" Nikamwambia walitufundisha, Mjerumani yule Hindorf, 1893, aliagiza miche 1000 kutoka Florida, mingi ikafia njiani, iliyopona ni 62 ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Akasema, "Sasa mkonge wote uliomlisha baba yako umetoka kwenye miche 62, na wewe umebakiza boliti mbili unalia." Mi nikanyanyuka nikashika grenda, ungejibu nini hapo?

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana hayo ya kutu kila mwenye gari ya zamani anayo.

Wakati tunafungua, kila sehemu tulikua tunakuta vituko. Gasketi ya kifuniko cha tapeti imekatwa kwenye boksi la biskuti, maandishi bado yanasomeka kwa mbali. Hosi ya rejeta imefungwa kamba ya mkonge juu ya kipande cha tyubu ya baiskeli, mizunguko imepangwa vizuri kama ususi. Kondensa ya kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, siyo ya gari hii kabisa, imeshikizwa na kibati kilichokunjwa kwa mkono. Na pale nguzo ya mlango wa dereva, nyuma ya kile chuma kinachopokea kitasa, tukakuta senti hamsini mbili, zile za zamani za sungura upande mmoja na Mwalimu upande wa pili, zimetobolewa katikati zinatumika kama washa.

Mi nilicheka. Nikapiga picha nikatupia status, "uchafu wa miaka ishirini", watu wakacheka na wao. Nikatia vyote kwenye kiroba cha taka. Senti moja tu nikaichukua nikaifanya kishikizo cha funguo, kwa urembo. Kesho yake nikaona Mzee amevitoa kwenye kiroba kaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga kaliweka juu ya shelfu. Sikumuuliza. Nilijua wazee wanapenda kutunza tunza vitu.

Kuanzia hapo ndiyo nikaanza kuvuna.

Injini ilikua imekwama, ni ile ya petroli silinda nne, cc 2286, tukamimina dizeli na oili kwenye matundu ya plagi tukaiacha wiki nzima, tukaingiza hendeli mbele, siku ya kwanza haikwenda, siku ya pili ikasogea kama robo, siku ya tatu ikazunguka. Tulishangilia mpaka wa gereji ya jirani wakaja. Nikasema sasa waya za plagi nafunga mwenyewe, nimeshaangalia YouTube, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Nikazipanga vizuri kabisa 1-3-4-2 kwa mwendo wa saa, nikapiga stata, kabureta ikatoa mlipuko kama fataki za Idi na ulimi wa moto ukanilamba nyusi ya kulia, hadi leo haijarudi yote. Kumbe rota ya gari hii, ile inayozunguka ndani ya distribyuta, inazunguka kinyume na saa. Mzee alikua amekaa kwenye tairi anakunywa kahawa, aliniona toka nashika waya wa pili. Nikamwambia Mzee kwanini hukunambia? Akasema, "Ningekwambia ungesahau."

Kabureta yenyewe uso wake ulikua umepinda, inavuta hewa, inawaka inamisi inazima. Hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoonekana wa maana kidogo, nilichukua kioo kinene cha kabati langu la simu, nikabandika msasa laini juu yake, nikasugua uso wa kabureta kwa duara taratibu mpaka ukang'aa wote sawasawa. Mzee akaangalia akasema, "Hapo sawa." Nilitamani kurekodi.

Breki ndiyo zilitaka kuvunja undugu. Nilimweka mpwa wangu akanyage pedeli, mi niko chini natoa upepo, "kanyaga! shikilia! achia!", siku tatu, kila jioni, chupa ya tano ya mafuta ya breki na pedeli bado laini kama unakanyaga andazi. Mpwa wangu akasema, anko mi nina mtihani Jumatatu. Gurudumu la mbele la 109 lina silinda mbili, moja juu moja chini, upepo unajificha kule juu na ukikanyaga viatu vya breki vinakwenda mbali havileti msukumo wowote. Hilo nalijua saivi. Siku ile nilikua najua kulaumu masta silinda, nilishataka kununua nyingine. Usiku mama akapiga simu, tunaongea habari za nyumbani, nikamgusia, mara nikasikia sauti ya baba kwa nyuma, na huyu mtu alikua hajaongelea gari na mimi miezi saba, hakuongea na mimi hata hapo, aliongea na mama: "Mwambie akaze viatu mpaka gurudumu ligome kuzunguka, ndo atoe upepo. Akimaliza alegeze." Mama akasema umesikia? Nikamwambia nimesikia.

Dakika arobaini. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

Rangi nilipaka kijani, Land Rover za mwanzo kabisa nazo zilikua kijani kwa sababu jeshi lilikua na rangi imebaki, na ya shamba ilikua kijani, kwa hiyo hapo sikujiumiza kichwa. Nilimlipa kijana mwenye kompresa, nikamwambia puliza kila mahali, usiache hata tundu, chumvi ya Tanga isipate pa kuingilia. Akapuliza kila mahali. Usiku tukaijaribu. Nawasha indiketa ya kushoto, taa kubwa zinafifia. Napiga honi, inanguruma kama mgonjwa na indiketa ya kulia inawaka wakati sijaiwasha. Nilitafuta kosa masaa mawili na mita yangu mkononi, mimi, ambaye kazi yangu ni umeme, watu wananiletea mabodi ya simu kutoka Korogwe. Mzee akachukua msasa, akaenda pale waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, unapofungwa kwenye bodi, akasugua rangi, akakaza nati, taa moja ikapona. Akanipa ule msasa nimalizie zingine. "Rangi haipitishi umeme, fundi simu." Jina limekaa, mpaka leo pale Mabawa naitwa Rangi Haipitishi.

Basi. Jumamosi moja asubuhi nikaondoka kwenda Muheza kuwaonyesha wazee. Kila kitu kipya, plagi mpya, pointi mpya nimeziacha nafasi ya 0.4 mm kama inavyotakiwa, rota mpya, kondensa mpya, seti nzima nimeagiza Dar, kwenye boksi lake linalong'aa. Kasoro ilikua moja tu, mlango wa dereva unapiga kelele, kra kra kra, nilishabandika tyubu, nilishabandika kadibodi, haukomi. Nikaona dogo hilo. Nikapita Kange, nikapiga honi kwa wapiga debe, wakanishangilia.

Kabla ya kufika Pongwe ikaanza kukohoa. Ikazima. Nikasubiri ipoe, ikawaka, ikaenda kama kilomita mbili, ikazima. Nikaangalia petroli, ipo. Moto wa plagi, upo lakini wa njano, dhaifu. Bodaboda wanapita wananiambia "vipi bosi, chuma kimegoma?" Yaani nilikaa pale na nguo zangu nyeupe za kwenda kuwaona wazazi, jua la saa tano, nikampigia Mzee. Hakuuliza maswali mengi. Akaja kwa bodaboda, mkononi kashika lile kopo la maziwa.

Akatoa ile kondensa ya baba, yenye kibati cha kukunja. Akafungua mpya akaitupa kwenye majani, akafunga ya zamani kwa bisibisi moja, haikuzidi dakika kumi. Piga. Ikawaka, ikatulia, cheche za pointi zikapungua, mlio ukawa wa duara. Nikamuuliza hiyo mpya ina wiki tatu tu imekufaje? Akasema, "Siku hizi spea nazo ni za Tanga, waja leo waondoka leo." Akapanda bodaboda yake akarudi.

Mimi niliiokota ile mpya kwenye majani maana nilitaka ushahidi. Jumatatu kibandani nikaipima, kondensa si kitu kingine ila kapasita, kazi yake ni kumeza ule umeme unaotaka kuruka pale pointi zinapoachana, ili koili ikate ghafla na itoe moto mkali kwenye plagi. Ikiwa ya baridi inasoma vizuri, maikrofaradi 0.2 na kidogo. Nikaipuliza na hita ya kubandulia aisii za simu, ikapata moto kama ule wa injini, ikashuka mpaka karibu na sifuri. Ile ya baba niliikopa kwenye gari nikaipuliza mpaka siwezi kuishika. Haikutikisika. Sijui aliitoa kwenye gari gani, nadhani lori. Ile picha ya "uchafu wa miaka ishirini" nilishaifuta mapema, usiku ule ule wa Jumamosi.

Ila kabla ya hiyo Jumatatu kulikua na Muheza. Nilifika saa saba, baba yuko barazani na msuli wake anamenya chungwa. Mama ndiye alitoka mbio, akaizunguka, akaishika bonati kwa kiganja, "He! Mke mwenzangu kapendeza hivi, mimi mbona hamnipaki rangi?" Majirani wakaja, watoto wakapanda nyuma bila kuambiwa. Baba hakunyanyuka. Akamaliza chungwa lake, akanawa, akaja polepole. Akachungulia chini ya uvungu, pale kwenye chesisi mpya, akagonga kwa kidole. Hakusema kitu. Akafungua bonati, akaona kondensa yake. Hapo alikaa kidogo. Akafunga bonati.

Nikampa funguo, kile kishikizo cha senti kinaning'inia. Hakukiangalia, alikua anaangalia usukani. Akapanda, akasogeza kiti mbele akaona hakisogei, kumbe hakijawahi kusogea, mkono ulikua umesahau. Akavuta mlango akaufunga.

Kra.

Akaufungua tena. Akaufunga. Kra. Akageuza shingo akaangalia kile chuma cha kitasa, alafu akaniangalia mimi.

"Senti zangu ziko wapi?"

Nikamwonyesha funguo aliyoishika mwenyewe. Moja hiyo hapo, nikamwambia, ya pili iko Tanga kwenye kopo la fundi.

Akaichomoa kwenye kile kikuku, akaifuta kwa pindo la msuli, akaipima kwenye nguzo ya mlango.

"Nipe spana ya nusu inchi," akasema. "Na mwambie mama yako asiweke wali bado."